Lutindi: Kanisa Kando ya Mgonjwa wa Akili

Sisi tunaoishi kati ya Korogwe na Handeni tulilijua jina la Lutindi kabla ya kujua ni mahali gani. Mtu akisema jambo lisiloeleweka, wenzake humtania kwamba amekosa gari la Lutindi. Watu wa Dodoma wana Mirembe, wa Unguja wana Kidongo Chekundu, nasi tuna Lutindi. Jina la hospitali limegeuka tusi. Ndiyo maana wachache miongoni mwetu wanajua kwamba nyumba ile ya milimani, katika wilaya ya Korogwe, ilianza kama makao ya watoto, kwamba ni miongoni mwa hospitali za kwanza kabisa za wagonjwa wa akili katika Afrika ya Mashariki, na kwamba waliowatunza wagonjwa wake wa mwanzo walikuwa watumishi wa kanisa, si madaktari.

Hilo la mwisho ndilo linalotupa kazi ya kufikiri. Leo mtu akiugua akili katika usharika, tunagawanyika upesi: wengine wanasema apelekwe hospitali, wengine wanasema apelekwe kwenye maombi, kana kwamba hizo ni njia mbili zinazoachana pale njia panda. Historia ya Lutindi haikuanza na mgawanyiko huo.

Ilianza na watumwa. Kwa miaka mingi misafara ilishuka kufuata bonde la Mto Pangani kwenda pwani, na nchi yetu ya Uzigua iliumia kuliko nyingi. Katika njaa kubwa ya miaka ya 1830 Wazigua walifikia kujiuza wenyewe au kuuzwa pwani, wakasafirishwa hadi Somalia. Vizazi vyao waliendelea kusema Kizigua huko kandokando ya Mto Juba, na vita vya Somalia vilipozuka baadhi yao walikimbilia Tanzania wakapewa makazi Chogo, humu humu Handeni. Walirudi kwenye nchi ambayo babu zao waliuzwa kutoka kwake. Tunalitaja hili kwa sababu watu wanaosema kwamba ugonjwa wa akili ni mkosi wa ukoo fulani wakumbuke ni mambo gani yaliwapata watu wa hapa, ukoo kwa ukoo.

Mwaka 1896, chini ya utawala wa Wajerumani, chama cha Wakristo wa Kiinjili cha Ujerumani kilichopinga utumwa katika Afrika kilifungua Lutindi kuwa makao ya watoto waliokombolewa. Watumishi walitoka Betheli, karibu na mji wa Bielefeld. Yafaa tukae kidogo na Betheli, maana bila kuifahamu hatuwezi kuielewa Lutindi.

Betheli ilianzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya watu wenye kifafa. Wakati ule mtu mwenye kifafa katika Ujerumani alifichwa chumba cha nyuma, au alitupwa pamoja na waliohesabiwa wazimu. Mwaka 1872 Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh aliitwa kuiongoza, na mikononi mwake nyumba moja ikakua ikawa kama mji. Mwaka 1877 ikaanzishwa Nazareti, nyumba ya kuwafunza ndugu mashemasi: wanaume waliojifunza uuguzi na Neno la Mungu pamoja, si uuguzi leo na Biblia mwakani. Desturi ya Betheli ilikuwa kwamba ndugu aishi na wagonjwa wake. Aliitwa baba wa nyumba. Alikula nao, alilima nao, alisali nao asubuhi na jioni, na mmoja wao alipoanguka usiku yeye ndiye aliyeamka.

Ndugu wa namna hiyo ndio waliokuja Lutindi. Idadi ya watoto wa utumwani ilipopungua, nyumba ikatafuta watu wengine wasio na kwao, na haikuwa kazi kuwapata. Katika miji ya koloni, mtu aliyerukwa na akili na asiyekuwa na ndugu wa kumsimamia aliishia jela au kwenye minyororo, kwa kuwa serikali haikuwa na mahali pengine pa kumweka. Kufikia mwaka 1905 Lutindi ilikuwa imekuwa nyumba ya wagonjwa wa akili.

Tusiipake sukari historia hii. Serikali ya kikoloni ilifurahi kupata mahali pa kuwaondolea watu waliosumbua amani ya mjini, na si lazima kila aliyehesabiwa kichaa na afisa asiyejua lugha yake awe kichaa. Wala hatudai kwamba Lutindi haikuwa na milango ya kufungwa kwa nje. Nyumba zote za aina hiyo duniani zilikuwa nayo. Na ile kanuni ya Betheli ya kumpa mtu kazi badala ya sadaka ilikuwa na pande mbili. Kwa mgonjwa aliyekaa miezi bila kugusa kitu, jembe mkononi lilikuwa mwanzo wa kurudi kuwa mtu. Lakini katika koloni lililotaka vibarua kila siku kwa ajili ya mashamba, neno kazi lilikuwa na harufu nyingine puani mwa Mwafrika. Yote mawili ni kweli.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo wengi hawalifikirii. Kwa mtu anayesikia sauti, au anayeamini kwamba jirani zake wanamwekea sumu, hapakuwa na dawa ya kweli popote duniani mpaka miaka ya 1950, klopromazini ilipopatikana Ufaransa. Berlin haikuwa nayo, London haikuwa nayo. Kwa hiyo kwa takriban nusu karne ya kwanza, matibabu ya Lutindi yalikuwa hayo tu: kitanda, chakula, shamba, wimbo, sala, na mtu mwingine ambaye haondoki. Tukiuliza ni nani alikuwa mchungaji wa hospitali na nani alikuwa muuguzi, swali halina jibu. Alikuwa mtu mmoja.

Uponyaji mwingi haukutokea kwa njia hiyo, na hatusemi ulitokea. Lakini Biblia yenyewe ni ya kweli zaidi kuliko mahubiri yetu katika jambo hili. Mfalme Sauli aliposumbuliwa, Daudi alimpigia kinubi akapata nafuu; kisha siku nyingine Sauli yuleyule akamrushia mkuki akiwa anapiga. Kila muuguzi wa afya ya akili anaijua habari hiyo hata kama hajaisoma. Nafuu huja na kuondoka, na anayepiga kinubi hana budi kukaa mahali anapoweza kukwepa mkuki.

Vita mbili za dunia ziliwaondoa Wajerumani katika Usambara, mara ya kwanza na tena mara ya pili, na Wakristo wenyeji wakabaki na kazi ya Mungu mikononi mwao. Kwa upande wa serikali, Waingereza walijenga hospitali yao ya wagonjwa wa akili Dodoma katika miaka ya 1920, ile tunayoiita Mirembe. Lakini kuna jambo lililotokea huko Ujerumani kwenyewe ambalo ni sehemu ya urithi wetu pia, kwa kuwa ni nyumba mama ya Lutindi.

Kuanzia mwaka 1939 serikali ya Hitler ilituma fomu kwenye hospitali za wagonjwa wa akili. Maswali yalionekana ya kawaida: ugonjwa gani, amekaa muda gani, anaweza kufanya kazi gani. Waliojazwa kwamba hawawezi kazi walichukuliwa kwa mabasi wakauawa. Kufikia Agosti 1941 zaidi ya watu 70,000 walikuwa wameuawa katika mpango huo. Mchungaji Paul Gerhard Braune wa Lobetal, nyumba iliyotokana na kazi ya Bodelschwingh, alikusanya habari, akaandika waraka wa kupinga, akatiwa mbaroni na polisi wa siri. Mwana wa Bodelschwingh, aliyeitwa Friedrich kama baba yake na aliyeiongoza Betheli wakati huo, alikataa kujaza fomu hizo. Walakini watu hao hao wa Betheli walikuwa wamekubali sheria ya mwaka 1933 iliyoruhusu wagonjwa kufungwa uzazi kwa lazima, na ilitekelezwa ndani ya Betheli. Tunaona hapo jinsi kanisa linavyoweza kuuona uovu mkubwa baada ya kuuvumilia ule uliotangulia. Na swali la fomu ile, anaweza kufanya kazi gani, tumelisikia pia vijijini kwetu likiulizwa juu ya watu wetu, kwa sauti ya chini, wakati wa kugawa chakula au shamba.

Mwaka 1963 makanisa ya Kilutheri yaliungana kuwa KKKT, na Lutindi ikawa hospitali ya kanisa letu, chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Askofu Sebastian Kolowa aliyeongoza dayosisi hiyo anakumbukwa kwa kuwatetea watu wenye ulemavu, na chuo kikuu kilichopewa jina lake huko Magamba, Lushoto, kilichagua kufundisha elimu maalumu na afya ya akili. Si chaguo la kawaida kwa chuo cha mlimani.

Lakini dawa zilipokuja, kazi ya yule baba wa nyumba iligawanyika. Sasa kulikuwa na daktari, wauguzi, vidonge vya asubuhi na jioni, sindano ya kila mwezi. Mtu ambaye zamani angekaa miaka aliweza kuruhusiwa baada ya wiki chache. Tunamshukuru Mungu kwa hilo bila kusita. Ila mchungaji akabaki mlangoni akijiuliza kazi yake ni nini. Ibada ya asubuhi? Kuzika waliokufa?

Jibu moja lilitoka Marekani, kwa mtu ambaye hakulipata darasani. Anton Boisen alikuwa mchungaji aliyepatwa na ugonjwa wa akili mwaka 1920 akalazwa kwa zaidi ya mwaka. Alipotoka, alianza mwaka 1924 kuhudumu kama mchungaji katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, na mwaka uliofuata akawapokea wanafunzi wa theolojia wakae wodini naye. Alishikilia kwamba mgonjwa anapaswa kusomwa kwa bidii ileile tunayosomea vitabu vyetu vitakatifu, mstari kwa mstari, bila kurukia maana. Njia hiyo ya mafunzo ilienea, na imefika kwetu: wachungaji wa kanisa letu wamefunzwa namna hiyo Moshi, katika hospitali ya KCMC, kwa kukaa na wagonjwa na kisha kuhojiwa na wenzao juu ya kila walichosema na walichonyamazia.

Anayefunzwa hivyo hujifunza kwanza kutokuwa na haraka. Mgonjwa wa sonona akisema Mungu amemtupa, msamaha anaotangaziwa asubuhi anakuwa ameupoteza jioni. Mchungaji asiyejua kazi ataongeza mahubiri, au ataudhika. Anayejua atarudi kesho. Nabii Eliya alipoketi chini ya mti akiomba kufa, malaika hakumkemea kwa kukosa imani. Alimpa mkate na maji akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena. Neno lilikuja baadaye, mlimani.

Na yule anayesema kwamba yeye ndiye masihi, au kwamba redio inatangaza dhambi zake? Kumcheka ni ukatili, kumbishia ni kupoteza muda, kumkubalia ni uongo. Mchungaji anauliza anaogopa nini. Mara nyingi chini ya maneno makubwa kuna kitu kidogo cha kweli: mtoto aliyekufa, deni, aibu ya jambo la zamani. Muuguzi mwenye wagonjwa wengi wa kuwagawia dawa hawezi kukaa kulisikia hilo kila siku, na hilo si kosa lake.

Swali linaloulizwa zaidi katika mitaa yetu ni hili: ni pepo au ni ugonjwa? Tunadhani limeulizwa vibaya. Mtu anayeanguka motoni na majini, kama yule kijana wa Mathayo sura ya 17, anahitaji sala ya kanisa, na anahitaji fenobabitoni, na kimoja hakimwonei wivu kingine. Mchungaji wa hospitali halazimiki kutoa hukumu juu ya chanzo. Lakini analazimika kukataa mambo matatu waziwazi: mgonjwa kuambiwa aache dawa ili kuonyesha imani, mgonjwa kufungishwa saumu akiwa kwenye dawa, na mgonjwa kupigwa au kufungwa kamba kwa jina la Yesu. Hatusemi haya kuwasema madhehebu mengine. Mwaka 2011 maelfu walipopanda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500, aliyekitoa alikuwa mchungaji mstaafu wa kanisa letu wenyewe, na wapo walioacha vitanda vya hospitali na dawa zao wakaenda.

Kuna mambo mengine mazito tunayoyataja kwa ufupi. Kujaribu kujiua bado ni kosa katika Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, kwa hiyo aliyejaribu huogopa kumwambia hata daktari. Mchungaji ndiye anayeambiwa, mara nyingi kwa kunong'onezwa, na hapo lazima ajue kutunza siri na pia ajue kumshawishi mgonjwa waende pamoja kwa muuguzi usiku huohuo. Tena nusu ya wodi, au zaidi, ni Waislamu. Huku kwetu ndugu wa tumbo moja mmoja ni Yohana na mwingine ni Athumani, basi halipaswi kutushangaza. Mtu aliyelazwa, asiyeweza kuondoka, si wa kubatizwa kwa kuviziwa. Akimtaka sheikh, mchungaji ampigie sheikh simu. Akitaka kukaa tu na mchungaji, wakae.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu sisi tusiofanya kazi hospitalini. Katika Marko sura ya 5, mtu wa Wagerasi alikuwa amefungwa minyororo na watu wa kwao. Bwana alimuuliza jina. Baadaye watu walimkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, wakaogopa. Walikuwa wamemzoea akipiga kelele makaburini. Alipotulia ndipo wakaogopa. Yeye aliomba kuondoka pamoja na Yesu, akakataliwa, akaambiwa aende nyumbani kwao. Hatukuambiwa nyumbani walimpokeaje.

Sisi tunajua jinsi anavyopokewa. Mtu akitoka Lutindi akashuka Korogwe, akavuka Mto Pangani na kufuata barabara ya lami hadi Handeni, anarudi na mfuko wa dawa na kadi ya kliniki. Nyumba yake huenda imeshakaliwa na mwingine. Mke amerudi kwao. Mkutano wa kitongoji ukifanyika haambiwi. Kanisani anapewa nafasi, ila benchi alilokaa linabaki na nafasi. Akicheka kwa sauti, watu wanatazamana. Akikasirika kwa haki, wanasema limeanza tena. Wapo waliopata nafuu wakabaki hospitali miaka mingi kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwachukua, na wapo waliorudishwa huko, dawa zikiwa zimewaishia, wakionekana kama hawakuwahi kutibiwa.

Hapa ndipo mchungaji wa hospitali anapofanya kazi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya, kwa sababu yeye ni mtu wa nyumba mbili. Daktari hana mamlaka katika usharika wa Handeni, na mzee wa kanisa wa Handeni hajui lolote la wodi ya Lutindi. Mchungaji anaweza kumpigia mwenzake wa huko kabla mgonjwa hajaruhusiwa: anakuja fulani, anakubali nikuambie, mtu fulani amsubiri stendi. Anaweza kukaa na familia iliyochoka, maana familia zinachoka kwa haki, zimeuza ng'ombe na mashamba kwa waganga na kwa hospitali, na hazihitaji kuhubiriwa juu ya upendo. Zinahitaji mtu wa kuwapokea zamu siku mbili walale.

Lakini simu ya mchungaji inahitaji mtu wa kuipokea. Katika mitaa yetu tuna kalenda ya zamu za usafi, tuna orodha ya wanaokaribisha wahubiri, tuna kamati ya jengo inayokutana kila mwezi. Tarehe ya sindano ya mshirika mmoja inaweza kuandikwa kwenye kalenda hiyohiyo, akikubali mwenyewe, pamoja na jina la atakayemsindikiza kliniki na jina la mwenye bodaboda. Zahanati ikikosa dawa, anayesindikiza anajua siku hiyohiyo, wala si baada ya wiki sita, jirani wanapoanza kutafuta kamba.